Masale Ukingoni mwa Msitu

Majuzi nilikwenda msibani Olasiti. Nyuma ya nyumba wanawake wa mtaa walikuwa wanapika, na mmoja wao akaanza kupitisha majani ya mgomba juu ya moto ili yalainike, wayatumie kufunikia chakula. Jani la mgomba likibabuliwa hutoa harufu ambayo si ya chakula na si ya moshi. Ni harufu mbichi yenye utamu kidogo, kama nyasi zilizolowa zikianikwa karibu na jiko. Ilipita dirishani ikanikuta nimekaa katikati ya waombolezaji, na mikono yangu ikapoa. Mama mmoja aliyekuwa kando yangu akaniuliza kama nimemkumbuka marehemu. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nimemkumbuka mtu mwingine, ambaye nilipokuwa mtoto nilimpelekea chakula kilichofungwa kwenye jani kama lile, nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba amekufa na kwamba chakula kile nakipeleka kaburini kwake.

Wa umri wangu wanakumbuka jinsi mji ulivyobadilika sura tukiwa bado tunajifunza kufunga kamba za viatu. Viwanda viliuzwa, wafanyakazi wakarudishwa nyumbani, na kila aliyerudishwa akawa mfanyabiashara wa kitu fulani. Levolosi, tulikokuwa tumepanga vyumba viwili, marobota ya mitumba yalifunguliwa barabarani na watu wakainamia nguo za wazungu kama wanaotafuta ndugu zao. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kiwandani. Alipopunguzwa kazi alilala siku nyingi ameelekea ukutani, kisha asubuhi moja akaamka, akanyoa ndevu, akasema anakwenda Mererani kuchimba mawe ya thamani kama wenzake. Ili apate cha kuanzia akauza cherehani ya Mama. Mama alikuwa anashona gauni, na lilikuwa limefika mkono mmoja tu. Alilikunja hivyo hivyo akaliweka chini ya godoro.

Baba hakuandika wala hakutuma mtu. Kodi ilipotushinda tukahamia kwa Bibi, mama yake Baba, juu kwenye mteremko wa Meru, mahali ambapo barabara ya magari inakata tamaa na kuwa njia ya miguu. Mama alikuwa Mchaga aliyekulia mjini, Kimeru chao alikishika nusu nusu, na kwa muda mrefu alitembea shambani mwa Bibi kama mgeni anayeogopa kugusa vitu. Palikuwa na migomba, na mikahawa michache iliyobaki, kwa sababu bei ya kahawa ilikuwa imeanguka na majirani walikuwa wanang'oa mikahawa yao wapande nyanya. Ukipita migomba ya mwisho, palepale, msitu ulianza.

Sijakutana tena na ukimya wa namna ile. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka juu mlimani ukasimama kati ya migomba, kama mtu aliyekuja kuuliza jambo akalisahau. Mbega walikaa juu ya miti bila kutikisika, weusi, wenye manyoya meupe mabegani na mikia mirefu iliyoning'inia, wakitutazama. Kwa mtoto wa Kilutheri kama mimi, rangi zile zilikuwa za mchungaji aliyekwisha kuvaa kwa ajili ya ibada. Nilidhani wanasubiri ibada fulani ianze. Nilidhani pia kwamba siku nikijua ni ibada gani, nitatamani nisingejua.

Kulikuwa na kikundi cha watu waliojitolea kuulinda msitu ule. Wengi wao walikuwa wanawake wa kwaya, na kiongozi wao alikuwa Mzee Anaeli, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye maneno mengi, aliyevaa shingoni darubini iliyobaki na jicho moja zima. Kila Jumamosi waliingia msituni kutafuta mitego ya waya na kuing'oa. Hakuna aliyewalipa. Mtu mmoja aliyekuja na gari aliwaahidi mabuti ya mvua, mabuti hayakuja, wakaendelea kwenda na ndala. Chemchemi iliyotokea msituni ilikuwa inapungua, na wanyama walikuwa wanatokea mashambani wakichechemea, wengine na waya ungali mguuni, na wanawake wale walisema hawawezi kuendelea kuimba sifa za uumbaji huku wakisikia uumbaji unalia nyuma ya nyumba.

Mama alipojiunga nao, Mama Ndeanka, mwenye sauti nzito kuliko wote kwenye kwaya, alimtazama kuanzia kilemba hadi miguuni.

"Wewe wa mjini utauweza msitu? Huko hakuna lami, mwenzetu."

"Nimeishi Levolosi," Mama akajibu. "Nyati wenu watanitisha nini?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega, na tangu siku hiyo Mama akawa na mahali pa kwenda.

Mpaka wa hifadhi ulikuwa na nguzo za zege zilizopakwa rangi nyeupe, na nguzo zile zilikuwa na tabia ya kutembea. Leo ungeiona hapa, baada ya mvua ungeikuta juu zaidi mteremkoni, na mahali ilipokuwa jana pamepandwa nyanya. Vibao vya chuma navyo viliishia kuezeka mabanda ya kuku. Ndipo Mzee Anaeli akawaambia wenzake waache habari za zege, wapande masale, ile mimea ya majani marefu ya kijani inayowekwa mipakani. Nguzo ni mali ya serikali, alisema, na hakuna anayeona haya kung'oa mali ya serikali. "Lakini nionyesheni Mmeru atakayeng'oa sale." Wakatazamana. Hakuna aliyeweza kumtaja hata mmoja. Huko kwetu sale likisimama kati ya mashamba mawili, ndugu wanaweza kugombana hadi kununiana miaka, lakini sale hawaligusi. Wakakubaliana kila nyumba itoe vipande kutoka kwenye ua wake, na kila sale lipandwe kwa niaba ya mwenye nyumba, ili mpaka ule uwe ni neno lililotolewa na watu wenye majina.

Haya nilikuja kuelezwa nikiwa mtu mzima. Wakati ule hakuna aliyenieleza, na mimi mtoto wa mjini sikuwahi kuona sale likigawa mashamba. Sale nililolijua lilikuwa moja tu, Machame kwa akina Mama, tulikokwenda Krismasi. Lilisimama katikati ya migomba, na Mama alinishika mkono akanizungusha mbali nalo. "Hapa ndipo alipolala babu yako," alisema. "Usikanyage." Basi nilijua. Penye sale pana mtu.

Asubuhi ya kupanda niliwafuata. Walikuwa ukingoni mwa msitu, ndani ya ukungu, wakiimba kwa sauti ya chini ili wasichoke. Walichimba shimo, wakasimamisha sale, Mzee Anaeli akavua kofia na kutaja jina la mtu, wakashindilia udongo kwa miguu. Wakasogea mbele, wakachimba tena, kofia ikavuliwa tena, jina lingine likatajwa. Mstari ulikwenda hadi ukungu ulipoumeza, na kutoka huko nisikoona bado nilisikia jembe likiingia ardhini na majina yakitajwa. Nilijiuliza watu wengi hivi wamekufa lini, na kwa nini kengele ya kanisa haikupigwa. Mashimo yalikuwa madogo. Nililifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, na mwisho nikaamua kwamba walizikwa wakiwa wamesimama.

Bibi magoti yalimsumbua, hakuweza kupanda kilima, ila alikuwa amekata sale lake alfajiri na kumkabidhi Mama mbele yangu.

"Hili ni la mwanangu," alisema. "Ulipande vizuri, lisilale upande."

Mama alilipanda chini ya mringaringa mkubwa. Nilisimama nyuma ya mgomba nikamwona akishindilia udongo kwa visigino, akipangusa macho kwa kiganja chenye matope. Kofia ya Mzee Anaeli ikavuliwa. Jina la Baba likatajwa.

Hivyo ndivyo nilivyopata habari za msiba wa baba yangu. Sikulia. Sikumwuliza mtu, kwa sababu niliona kwamba wakubwa wameamua kunificha, na niliogopa kwamba nikiuliza nitajibiwa.

Baada ya hapo nilikuwa naamka na kutazama juu mlimani. Masale yalishika upesi, majani yake yakawa marefu, na ukungu ukiwa mwepesi yalionekana kama vichwa vyenye nywele zilizosimama, mstari mzima wa vichwa, vikiangalia chini kwenye nyumba zetu. Nilijifunza kupita uwanjani bila kuyapa mgongo.

Jumamosi moja Bibi alikwenda zahanati, na Mama kwa kukosa wa kuniachia akanichukua msituni. Tulipita kati ya masale mawili na baridi ikabadilika. Ndani mwa msitu sauti zetu zilifika karibu tu, kisha zikakatika, kama kuna mtu aliyekuwa anazipokea. Tulitembea katika mstari, Mama Ndeanka na gunia la waya begani, mpaka Mama akasimama. Mbele yake palikuwa na pongo amelala kwenye majani, shingo ndani ya waya, macho wazi, na umande umekaa juu ya macho yale.

Mama alipiga magoti kuufungua waya. Ulikuwa waya wa tairi lililochomwa, mweusi bado kwa masizi. Vidole vyake vikafika kwenye fundo, vikaacha kusogea. Nami nikaliona. Lilikuwa fundo lililozungushwa kinyume na kuachwa mikia miwili, kama lile ambalo Baba alifungia mizigo kwenye baiskeli yake, na ambalo hakuna mwingine pale mtaani aliyeweza kulifungua bila kisu.

"Mama," nikasema, "hilo si ni fundo la..."

"Nyamaza."

Sijawahi kusikia neno lile likisemwa kwa sauti ndogo namna ile. Aliukunja waya akauficha kiunoni ndani ya kanga. Mzee Anaeli alikuwa anakuja, akitupa matawi pembeni kwa fimbo.

"Ni yule yule," alisema akimtazama pongo. "Mtu mmoja, peke yake, na mikono yake ina ufundi. Tukimpata anakwenda kwa askari wa hifadhi, awe mtoto wa nani, awe mume wa nani. Tulikubaliana wote pale barazani pa kanisa. Si ndiyo, Mama Kunda?"

"Ndiyo, Mzee."

Leo najua alichokuwa amekificha kiunoni. Upande mmoja kulikuwa na mume wake, upande mwingine kulikuwa na neno alilolitoa mbele ya watu wa kwanza kumwita mwenzao tangu ahame mjini. Ila mimi sikuona hivyo. Nilichoelewa ni kwamba Baba, aliyezikwa amesimama, alikuwa amefikisha mikono juu.

Kesho yake mchana Mama alibabua jani la mgomba motoni. Akafunga ndani yake ndizi zilizopondwa na maharage, akakaza kwa ugomba mkavu, akapanda kilima. Nilimfuata kwa mbali. Alilifikia sale la chini ya mringaringa, akaweka kifurushi chini yake, akasema na sale. Nilimsikia vizuri, maana hapakuwa na upepo.

"Kula, Baba Kunda. Ukishiba, toa waya zako zote. Zote, unanisikia?"

Mama yangu, mwanakwaya, aliyenikataza hata kutazama watu waliotambika! Nikajua jambo ni zito kuliko nilivyodhani. Na lililonitisha zaidi ni kwamba jioni tulipokwenda kuchota maji, alipita pale, na kifurushi kilikuwa kimeliwa. Jani lilikuwa limekunjwa vizuri, juu yake kuna waya uliozungushwa kama ukili, na juu ya waya kuna jani la sale lililopigwa fundo.

Ikawa hivyo kila mara. Mama alipeleka chakula, na chini ya sale zikaja waya, kila waya na jani lake lililofungwa. Siku moja nikiwa nimejikunyata jikoni nilimwona akiyachukua majani yale yote na kuyaweka mapajani mwa Bibi. Msomaji wa kwetu anajua kwamba jani la sale lililofungwa linaomba msamaha, na kwamba aliyeletewa hawezi kulikataa. Bibi aliyatazama. Kisha akayasukuma yakaanguka karibu na mafiga.

"Majani hayana uso," alisema. "Anayeomba aje na uso wake."

"Mama, anaogopa."

"Na mimi naogopa. Mwambie aje na uso."

Usiku wote niliufikiria uso. Nilijiambia kwamba udongo umemtoa Baba uso, ndiyo maana hawezi kuja, na kwamba Bibi anamtaka akautafute kwanza.

Kisha Mama akapata malaria. Alilala akitetemeka chini ya mablanketi mawili, akiuliza ni saa ngapi, akijaribu kuamka na kuangushwa na homa. Nilijua anachotaka kuamkia. Bibi naye alijua. Alikaa kando ya moto asubuhi nzima akinung'unika kwa Kimeru, akapiga moto kwa kijiti kana kwamba umemkosea. Mwisho akakata jani, akalibabua mwenyewe, polepole, akiligeuza huku na huku mpaka likang'aa. Akaweka ndizi nyingi kuliko Mama alivyokuwa akiweka. Akaweka na kipande cha nyama.

"Peleka kule juu kwenye sale letu," akaniambia. "Weka, urudi. Akikuuliza, usimwambie ni mimi."

Akikuuliza! Nilipanda kilima na kifurushi cha moto kifuani, harufu ya jani lile ikinipanda puani, na ukungu ukinijia kutoka mbele kama ng'ombe wanaorudi zizini. Masale yalitokea moja baada ya jingine. Nilisalimia kila moja. "Shikamoo," nikasema, "shikamoo," kwa kuwa walikuwa wakubwa wangu wote, na sikujua ningefanya nini kama mmoja angeitikia. Mbega walikuwa juu yangu. Mmoja alinyanyuka, akasogea tawi moja, akakaa tena.

Nilipiga magoti kwenye sale la Baba nikaweka kifurushi. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama nyuma ya sale.

Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka, au mwembamba zaidi. Alivaa koti la mitumba la mwanamke lenye vifungo vikubwa, na udongo ulikuwa umeingia kwenye mikunjo ya shingo yake na kwenye kucha. Ndevu zilikuwa zimemfunika. Nilitafuta uso nikaona macho tu.

"Kunda," alisema. Sauti yake ilikuwa na kutu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Aliitikia. Nikahisi mkojo ukinitoka, wa moto, ukashuka mguuni.

"Mama yako yuko wapi?"

"Anaumwa malaria." Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kunikataza, nikauliza. "Baba, kufa kunauma?"

"Nani amekufa?"

"Wewe. Walikuzika hapa. Bibi alisema hili ni la kwako. Mmezikwa mmesimama, wote."

Aliangalia sale, akaangalia mstari wote ulivyokwenda hadi kwenye ukungu, upande huu na upande ule. Nadhani alitaka kucheka. Kilichotoka hakikuwa kicheko. Akachuchumaa, akafunika uso kwa mikono yake yenye udongo, na mabega ya koti lile la kike yakatikisika bila sauti.

"Bibi hataki majani," nikamwambia. "Anataka uso."

Akaupapasa uso wake kwa viganja, polepole, kama kipofu anayeshika uso wa mtu mwingine.

Nilitangulia mbele kurudi nyumbani. Sikugeuka hata mara moja. Nyuma yangu nilisikia majani yakikanyagwa, nikisimama yakanyamaza, nikienda yakaenda. Alikuwa hataki kunitisha, ndiyo maana aliacha nafasi. Kwangu nafasi ile ilikuwa na ubaridi wake.

Bibi alikuwa mlangoni anamenya ndizi, kichwa chini.

"Nani?" aliuliza.

"Mimi, Mama."

"Mimi ni nani?"

Baba akataja jina lake, na jina la baba yake, kama mtoto aliyepotea sokoni anayeulizwa na watu. Bibi akaimenya ndizi mpaka mwisho, akaitupa kwenye sufuria ya maji.

"Keti basi," alisema. "Unaniziba mwanga."

Siku ile ile nilisikia habari zake zikisimuliwa vipande vipande, na sikuziamini. Kwamba shimo la Mererani liliporomoka, yeye akatoka na wenzake hawakutoka. Kwamba alirudi kwa miguu, mikono mitupu, akafika kwenye migomba ya mwisho ya Bibi akashindwa kuipita kwa sababu ya cherehani. Kwamba alijificha msituni na wakata miti, walipohama akabaki, akitega wanyama na kumuuzia nyama mtu aliyekuja kuichukua kwa baiskeli. Kwamba kila asubuhi aliona moshi wa jiko letu. Mama alimsikiliza akiwa ameegemea mlango, blanketi mabegani, meno yakigongana kwa homa.

"Jumamosi utakwenda na kikundi," alimwambia. "Mbele ya wote."

"Watanikamata, Mama Kunda."

"Watakukamata."

Hakulia wala hakumgusa. Alirudi kitandani, na kutoka humo nikamsikia akisema, "Kuna maji ya moto kwenye debe. Oga."

Siku zilizofuata Baba alilala kwenye stoo ya kahawa. Alinyoa, na chini ya ndevu kweli palikuwa na uso, lakini mimi nilijua nyuso zinaweza kutafutwa. Nilimwekea sahani yake kizingitini nikarudi nyuma. Hakunisogelea. Akinikuta uwanjani alikaa chini ili awe mfupi. Masale kule juu mlimani yalikuwa bado yamesimama, na nilikuwa nalitazama la kwake, nikishangaa kwamba halijanyauka baada ya mwenyewe kutoka.

Jumamosi ilipofika Mama alimtanguliza mbele ya kikundi, pale mringaringani, akasema maneno machache. "Mtu wa waya ni huyu. Ni mume wangu. Nimejua tangu yule pongo, na nikanyamaza. Kama na mimi mnanitoa, nitoeni."

Mzee Anaeli aliweka darubini yake kwenye jicho, akamtazama Baba kwa jicho lile moja zima, ingawa alisimama mbele yake kabisa.

"Kumbe ni wewe, shemeji!" Mama Ndeanka akapaza sauti. "Umetuchosha miguu! Unajua mimi nina vidole vingapi vilivyobaki na kucha?"

"Angalau angekuwa anatuachia paja," mwingine akasema nyuma, na kicheko kikapita kwenye mstari, kicheko kigumu, kisichosamehe bado.

"Mama Kunda habanduki," Mzee Anaeli alisema. "Na wewe, utatuonyesha zote. Ikiisha ya mwisho, mimi na wewe tunateremka kwa askari kwa miguu, tukizungumza mambo mengine."

Ndivyo walivyofanya baadaye. Baba alifungwa, akatoka, akaendelea kwenda msituni na kikundi kila Jumamosi mpaka nilipomaliza shule. Lakini ninayoikumbuka ni ile Jumamosi ya kwanza. Baba alitangulia, na msitu ulionekana kumfahamu. Aliinama mahali ambapo sisi tungepita bila kuona kitu, akanyanyua majani, na waya ukawa hapo. Hakuna aliyeimba. Gunia lilizidi kujaa. Nilitembea mwisho kabisa, nikiangalia visigino vyake, nikingoja vipotee.

Waya mmoja ulikuwa wa siku nyingi. Alikuwa ameufunga kwenye mti, na mti ulikuwa umeendelea kunenepa na kuumeza, gome limeufunika. Akauzungushia mkononi akavuta, mguu mmoja kwenye shina. Mti ulitoa mlio. Mbega mmoja juu yetu alinguruma, sauti ile ndefu inayofanana na pikipiki iliyokataa kuwaka, wenzake wakamwitikia. Waya ukakatika ghafla, ukapita kwenye kiganja chake kama kisu.

Kwanza palikuwa na mstari mweupe tu. Kisha mstari ukafunguka, na damu ikatoka. Ikajaa kiganja, ikachuruzika kwenye kifundo cha mkono, ikadondoka juu ya majani makavu, na nikasikia kila tone likidondoka.

"Anatoka damu!" nikapiga kelele. "Mama! Baba anatoka damu!"

Nilikuwa naruka. Nilikuwa nacheka, na wote wakageuka kunitazama kama wanavyomtazama mtu aliyepandwa na kitu.

"Huyu mtoto ana nini?" Mama Ndeanka akauliza.

Mama aliinua mkono anipige. Baba akasema, "Mwache." Alikuwa bado ananitazama, na polepole nikaona kwamba ameelewa. Akachuchumaa pale pale kwenye majani, akaacha kuubana mkono wake, akaufungua na kuuleta mbele yangu, kiganja juu, kikiwa kimejaa.

Nikatoka nyuma ya mstari. Nikachovya kidole.

Ilikuwa ya moto.